Siri ya Biashara Inapofika Mahakamani

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mtungini kila siku, huyajua maji yalipofika na uchafu uliotuama chini, na ikihamia nyumba ya pili haiuachi ujuzi wake nyuma. Katika nyumba nyingi za Kisugu, mtaa ulio chini ya kilima cha Muyenga mjini Kampala, mtungi huo ni biashara ndogo ya nyumbani, na kata ni msaidizi, jamaa au mshirika aliyefundishwa kazi mpaka akaijua yote. Wawili hao wanapoachana kwa ubaya, huzuka swali ambalo aghalabu halikufikiriwa mapema: je, mtu aweza kuilinda siri ya biashara yake kwa kwenda mahakamani, hali mahakama yenyewe ni mahali pa kusema kila jambo mbele ya watu?

Kisugu, katika divisheni ya Makindye, ni mtaa wa watu wa kila hali. Juu yake yako majumba ya Muyenga. Chini iko Namuwongo iliyosongamana kando ya njia ya reli. Ng'ambo ya reli yako maghala na viwanda. Na upande wa Nsambya iko kambi ya polisi yenye familia nyingi za askari. Katika sehemu kama hizi mshahara wa mwezi husaidiwa na jiko la mama. Huyu hukaanga sambusa, yule hupika sabuni ya maji, na mwingine husaga karanga.

Na achukuliwe mama mmoja, mke wa koplo wa polisi. Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake ni ya wengi. Alianza kwa kinu na jiko la makaa, akisaga karanga na ufuta na kuuza mchanganyiko ule ambao watu wa kaskazini huuita odi. Miaka ilipopita alipata mashine, akaajiri msichana wa kumsaidia, na maduka kadhaa yakawa yanachukua bidhaa yake kila Jumamosi. Kila mtu anajua kwamba odi ni karanga na ufuta. Asichojua mtu ni kipimo cha mama huyu, kiasi cha moto anachotumia, na jambo dogo analolifanya ili mafuta yasijitenge na kupanda juu ya kopo. Kadhalika hakuna ajuaye orodha ya maduka yake na bei aliyopatana na kila duka. Msichana aliyajua yote. Siku moja akaaga, na baada ya miezi miwili odi ya ladha ile ile ikatokea katika maduka yale yale, kwa bei ya chini kidogo.

Koplo alipopata habari alisema, "Mama Watoto, sisi ni watu wa sheria. Hatutakwenda kugombana sokoni, tutakwenda mahakamani."

Mkewe akamjibu, "Baba, nikishamweleza hakimu jinsi ninavyochanganya, mimi nitabaki na nini?"

Swali la mama huyu limewasumbua majaji wakubwa wa dunia kwa zaidi ya miaka mia moja, na lina jawabu. Lakini jawabu hilo humfaa yule tu anayelijua kabla ya kuipeleka karatasi yake ya kwanza kwa karani.

KWA NINI MAHAKAMA IKO WAZI

Shauri la madai huanza kwa hati. Mdai hueleza madai yake, aghalabu pamoja na hati ya kiapo na vielelezo. Karatasi hizo hupokelewa masjala, mdaiwa hupewa nakala, kisha shauri husomwa na kusikilizwa barazani. Waandishi wa magazeti huweza kuketi humo, na hukumu nyingi za mahakama za juu za Uganda siku hizi huwekwa katika intaneti, ambamo mtu wa Kisugu na mtu wa London huzisoma sawasawa. Tangu Machi 2022 Mahakama za Uganda zimeanza pia kutumia mfumo wa kompyuta wa kupokea na kutunza majalada ya kesi. Hivyo hati iliyoandikwa kwa uzembe husafiri mbali kuliko zamani.

Uwazi huu una sababu. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 28, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, kwa haraka na hadharani, mbele ya mahakama huru isiyopendelea. Hakimu anayetazamwa na umma huipima hukumu yake mara mbili. Shahidi anayeonwa na majirani huogopa kusema uongo. Na maskini anayeshtakiwa na tajiri hupata hakika kwamba mambo hayakumalizwa chumbani. Ibara hiyo hiyo inaruhusu umma na waandishi watolewe nje kwa sababu za maadili, amani ya umma na usalama wa taifa. Faida ya biashara haikutajwa. Kwa hiyo anayeomba siri ya biashara ifunikwe hana budi kuegemea sheria nyingine, na asishangae hakimu akiwa mgumu.

Msingi wa jambo hili uliwekwa na Bunge la Malodi la Uingereza mwaka 1913, katika shauri la Scott na Scott. Lilikuwa shauri la ndoa, lililosikilizwa faraghani. Baadaye mke alichukua nakala ya yaliyosemwa, akawapelekea watu wachache, wakiwamo ndugu wa mume, ili kulisafisha jina lake. Akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Malodi walisema kwamba kulisikiliza shauri lile faraghani kulikuwa kosa tangu mwanzo, kwa maana aibu ya wenye shauri si sababu ya kufunga mlango wa mahakama. Hata hivyo Lodi Haldane alieleza kwamba yako mashauri machache yasiyofuata kanuni hiyo, kama yale ya watoto walio chini ya ulinzi wa mahakama na ya wagonjwa wa akili. Lingine ni shauri linalohusu njia ya siri ya kutengeneza kitu, kwa kuwa kuitangaza siri ni kukiua kile kile kinachogombewa. Ni kama watu wawili wanaogombea yai, na hakimu akaamuru livunjwe ili alione vizuri.

Sheria ya Kiingereza ilipokewa Uganda tangu 1902, na mawazo hayo yamo katika mizizi ya mahakama za nchi.

SHERIA YA 2009

Uganda ina sheria yake kuhusu jambo hili, iitwayo Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya 2009. Siri inayolindwa yaweza kuwa kanuni ya kuchanganya vitu, njia ya kufanya kazi, mpangilio wa habari au programu ya kompyuta. Lakini lazima mambo manne yawepo: iwe inatumika au yaweza kutumika katika biashara, isiwe inajulikana na watu wa biashara hiyo kwa jumla, iwe na thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amefanya juhudi za kutosha, kwa hali yake, za kuilinda.

Sharti la nne ndilo huwaangusha wengi. Mama anayekiacha kipimo chake kimeandikwa kwa chaki ukutani, na kumruhusu kila apitaye aingie jikoni, hawezi baadaye kumwambia jaji kwamba hiyo ilikuwa siri. Hatakiwi kujenga ghala la chuma. Yatosha daftari lifungwe sandukuni, msaidizi aambiwe wazi kwamba mambo haya si ya kutolewa nje, na ikiwezekana atie sahihi karatasi yenye maneno hayo.

Sheria ina mipaka yake vilevile. Mtu aliyeigundua njia ile ile kwa akili yake mwenyewe, au aliyenunua kopo dukani akalichunguza mpaka akajua lilivyotengenezwa, hakuiba kitu. Wala ustadi ambao mfanyakazi ameuvuna kwa kazi ya mikono yake hauwezi kuzuiliwa. Kujua kukaanga karanga vizuri ni mali ya msichana, ataondoka nayo. Kinachokatazwa ni kuchukua siri aliyokabidhiwa kwa kuaminiwa na kuitumia dhidi ya aliyemwamini.

Fundisho hili ni la zamani. Mwaka 1851 mahakama ya London iliamua shauri la Morison na Moat, familia mbili zilizogombea dawa. Morison alikuwa na kanuni ya siri ya dawa yake, akamfunulia mshirika wake Moat kwa ahadi kwamba hataitoa. Moat akamwachia mwanawe siri hiyo, na mwana akaanza kuitengeneza dawa mwenyewe. Jaji alimzuia. Ahadi ya baba ilimfunga mtoto, kwa sababu kilichopatikana kwa kuvunja amana hakiwi halali kwa kupita mkono wa pili.

Mwenye siri akishinda, mahakama yaweza kutoa amri ya zuio, kuagiza fidia, au kumtaka mdaiwa atoe hesabu ya faida aliyoipata. Na juu ya swali la mke wa koplo, sheria ya 2009 inampa jaji uwezo wa kuihifadhi siri wakati shauri linaendelea: kusikiliza faraghani, na kuagiza kumbukumbu za shauri, zote au sehemu yake, zifungwe kwa lakiri. Jambo hilo linapatana pia na mkataba wa haki za ubunifu wa Shirika la Biashara la Dunia, ambalo Uganda imo tangu 1995. Mkataba huo unazitaka nchi ziwe na njia ya kuzitambua na kuzilinda habari za siri katika mashauri, isipokuwa pale katiba ya nchi inapokataza.

JINSI LAKIRI INAVYOTIWA

Jambo la kwanza ni kwamba lakiri haijitii yenyewe. Kuandika neno SIRI kwa wino mwekundu juu ya hati ya kiapo hakumfungi karani wala msomaji. Lazima liwepo ombi, na lazima jaji atoe amri. Kwa sababu hiyo ombi hutangulia, au walau huongozana na hati. Hati ikishapokelewa wazi na mdaiwa akapewa nakala, kuomba lakiri ni kufunga zizi wakati ng'ombe wamekwisha toka.

La pili, hati ya madai iandikwe kwa busara. Inatosha kusema kwamba mdai ana kipimo cha siri na njia ya siri ya kuzuia mafuta yasijitenge, bila kukitaja kipimo wala njia. Maelezo kamili huwekwa katika kiambatisho cha peke yake, na hicho ndicho kinachoombewa lakiri. Katika mahakama nyingi za dunia desturi ni kutengeneza nakala mbili: moja iliyofutwa kwa wino mweusi mahali penye siri, ambayo kila mtu aweza kuiona, na nyingine kamili, kwa macho ya jaji na wale aliowaruhusu.

La tatu, ombi liwe jembamba. Jaji anayeombwa kufunga ukurasa mmoja na nusu ataelewa. Anayeombwa kufunga jalada zima atauliza kinachofichwa. Katika mfano wa mama wa Kisugu, vitu vya kufunikwa ni vitatu tu: kipimo, njia, na orodha ya maduka pamoja na bei. Jina lake, jina la mdaiwa, siku msichana alipoondoka na hasara iliyopatikana havina sababu ya kufichwa.

La nne, mdaiwa naye ana haki. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa karatasi asiyoruhusiwa kuijua, wala wakili wake hawezi kujibu asichokiona. Jaji hutafuta njia ya katikati, kama kuruhusu mawakili na wataalamu tu waione siri, kwa ahadi ya kutoitoa. Mfano mashuhuri ulitokea Marekani mwaka 1985. Wenye viwanda vya kujaza chupa walikuwa wameishtaki Coca-Cola, na jaji wa Delaware akaamuru kampuni hiyo ionyeshe kanuni yake kwa mawakili na wataalamu wa upande wa pili, chini ya amri kali ya kutunza siri. Kampuni ilikataa, ikawa tayari kubeba lawama ya kukataa. Fundisho ni kwamba lakiri humlinda mwenye siri dhidi ya umma, wala haimwondolei wajibu wa kuthibitisha anachodai.

Anayeivunja amri ya namna hiyo, awe mdaiwa, wakili au mtaalamu, anaidharau mahakama na aweza kuadhibiwa. Yafaa pia wakili akumbushwe aombe, shauri linapokwisha, kwamba nakala zote zirudishwe au ziteketezwe. Siri nyingi huvuja baada ya hukumu, kutoka katika kabati la mtu aliyesahau.

Iko hatari nyingine katika familia za askari. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya Katiba ya 2005, lakini majalada ya mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Mke asiyekisoma Kiingereza asitie sahihi wala dole gumba juu ya hati ya kiapo kabla ya kusomewa kila neno katika lugha anayoielewa. Huenda mwandishi wa hati, kwa nia njema, ameandika kipimo chote.

LAKIRI HAIFUNIKI KILA KITU

Askari anajua tofauti ya siri na uficho. Mpango wa ulinzi wa usiku hutiwa muhuri wa SIRI, na ni haki. Lakini muhuri huo hautiwi juu ya daftari la stoo ili kufunika magunia ya maharagwe yaliyopotea. Ndivyo ilivyo katika biashara. Sheria ya 2009 yenyewe inazingatia manufaa ya umma: mtu aliyefichua jambo ambalo umma ulistahili kulijua ana la kujitetea. Mtengenezaji anayetia dawa ya sumu katika chakula hawezi kusema kwamba sumu hiyo ni siri ya biashara.

Hata hivyo mpaka huo hauonekani upesi kila mara. Mwaka 2009 waandishi wawili wa habari, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, walikwenda mahakama ya Nakawa, hapa hapa Kampala, wakiomba serikali iamriwe kutoa mikataba ya mafuta iliyofanya na makampuni ya kigeni. Walitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Mwaka 2010 mahakama iliwakatalia, ikisema kwamba hawakuonyesha kuwa faida ya umma ilizidi madhara ya kuvunja usiri wa mikataba hiyo. Mwaka 2013 makampuni mawili ya mafuta yaliyofanya kazi Uganda, Tullow na Heritage, yalishtakiana mbele ya Mahakama Kuu ya London juu ya kodi ya zaidi ya dola milioni 313. Huko mambo mengi kuhusu mikataba na mazungumzo ya kodi yalisemwa barazani na kuandikwa magazetini. Anayeutegemea usiri kama ngao ya daima na akumbuke kwamba ugomvi ukizuka, hajui utasikilizwa wapi, wala nani atakuwa ameketi barazani.

NJIA ZISIZODAI LAKIRI

Si kila ugomvi wa biashara unaohitaji siri ifikishwe kwa jaji. Ikiwa duka linakataa kulipa deni la odi, mama hahitaji kueleza jinsi anavyoitengeneza. Deni la karanga halihitaji siri ya karanga. Kanuni za Madai Madogo za 2011 zinamruhusu mtu kudai kiasi kisichozidi shilingi milioni 10 bila wakili, kwa karatasi chache na utaratibu mwepesi.

Tena, Kanuni za Upatanishi za 2013 zinataka mashauri ya madai yapitishwe kwa mpatanishi kabla ya kusikilizwa. Yanayosemwa mbele ya mpatanishi ni ya siri, na hayawezi kuletwa baadaye kama ushahidi. Kwa mtu mwenye siri ndogo na fedha chache, chumba hicho aghalabu ni bora kuliko baraza. Huko msichana aweza kukubali kuacha kutumia kipimo, mama aweza kukubali kwamba msichana naye anastahili kula kwa ustadi wake, na mapatano yakaandikwa bila kipimo kutajwa. Iwapo hapana budi kuendelea, iko Idara ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa 1996, ambayo majaji wake wamezoea mashauri ya kibiashara.

Basi mke wa koplo alikuwa na haki ya kuogopa, lakini mumewe naye hakukosea. Kabla ya kwenda masjala na waketi pamoja, waandike orodha mbili: ya mambo yanayoweza kusemwa mbele ya Kisugu nzima, na ya yale yakisemwa biashara imekufa. Orodha ya pili ikiwa ndefu sana, na waipunguze. Ikishakuwa fupi na ya kweli, wampe wakili na kumwambia asipeleke karatasi yoyote mpaka ombi la lakiri liwe tayari. Na iwapo msichana hakuwahi kuambiwa kwamba kipimo kile ni siri, wala daftari halikuwahi kufungwa, waanzie hapo kwa msaidizi atakayefuata. Jaji huweza kuifunga siri iliyofika kwake ikiwa bado ni siri. Iliyokwisha kumwagika jikoni hana namna ya kuizoa.